Zamu ya Niwaeli Mwezini

Soksi za Mwezini nilizimaliza siku ileile mratibu alipokuja kutuambia kwamba hazihitajiki.

Zilikuwa jozi tatu za sufu nzito, na visigino nilivirudia mara mbili, maana Niwaeli tangu mtoto baridi humwanzia miguuni. Alikuwa ameandikiwa barua na Mfuko wa Nyota Changa. Katika wanafunzi kumi na mmoja wa Chuo cha Anga waliofadhiliwa miaka minne, yeye ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza, na wa kwanza hupelekwa Mwezini miezi kumi na minane kufanya utafiti wake mwenyewe. Ndivyo tangazo lao lilivyosema tangu mwanzo, na juu yake palikuwa na picha ya msichana aliyevaa kofia ya kioo, anacheka. Kwa ajili ya tangazo hilo mjukuu wangu alikataa kazi mbili, na mchumba mmoja ambaye mimi nilimpenda kuliko yeye alivyompenda.

Mratibu huyo wa Mfuko aliitwa Fanuel Kiwelu, kijana wa Moshi, mwembamba, shati limenyooka. Gari lisilo na dereva lilimshusha chini ya ngazi zetu za mawe, likageuka lenyewe likarudi bondeni. Aliniamkia vizuri, akakaa alipoonyeshwa, akaweka kisanduku cheusi mezani karibu na soksi zangu na sahani ya makande, polepole, kama mtu aliyeleta keki. Akasema hongera. Akasema Niwaeli amefika salama.

Nilimtazama Niwaeli. Alikuwa mlangoni, taulo kichwani, maji ya nywele yanamdondoka shingoni.

"Amefika wapi?" nikauliza.

"Mwezini, Bibi. Wiki tano zilizopita."

Nikadhani kijana amepigwa na jua. Lakini Niwaeli alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Wamempeleka pacha," akasema. "Bibi, wamempeleka pacha wangu, mimi wameniacha."

*

Mwaka wa kwanza chuoni wote kumi na mmoja walibandikwa kitu nyuma ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya hindi, na jina lake likawa hilohilo, punje. Waliambiwa ni ya kuwasaidia walimu wajue nani amekwama. Punje haikuandika unachojua. Iliandika unavyofika: unaposita, unachokitupa, unachokirudia baada ya kuoga, wazo linalokujia ukichambua mchele. Miaka minne ya hayo ukiyamimina ndani ya mashine, unapata kitu kinachofikiri kama wewe, kina sauti yako, na kinaenea ndani ya boksi lisilozidi mche wa sabuni. Hakili, hakivuti pumzi, hakiumwi jino. Na hakidai kurudishwa nyumbani. Hicho ndicho pacha.

Niwaeli akamuuliza mratibu kama wale kumi wengine wanajua. Kiwelu akasema kila kitu kilikuwa kwenye fomu. Akaifungua kwenye simu yake akanigeuzia. Jina langu lilikuwa chini kabisa, kwa mwandiko wangu, kwa sababu mtoto alikuwa na miaka kumi na saba na mlezi ndiye anayesaini.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nimeishia darasa la saba. Niliambiwa hii ni ruhusa ya mtoto kusoma."

"Ni ruhusa ya kusoma pia, Bibi," akasema.

Pia. Neno hilo nililiona likikaa mezani na sisi.

Lakini kosa la fomu si kosa langu kubwa. Kubwa ni hili. Niwaeli aliporudi likizo ya kwanza nikaiona ile punje, nikauliza ni nini, akasema ni kitu kinachosikiliza. Kwetu kinachosikiliza ni mgeni, na mgeni hukaribishwa. Nikaikaribisha. Tukikaa uani kuchambua mboga nilikuwa nategea mjukuu vitendawili, na punje nayo nikawa naitegea. Hata mtoto akisinzia mchana kwenye mkeka nilikuwa nainama karibu na sikio lake naendelea. Nilisema moyoni, huko chuoni hana wa kumzungumzia mambo ya nyumbani, acha hiki kimbebee. Miaka minne nimekilisha. Hakuna aliyenilazimisha.

Nikamwambia Kiwelu aache kula kwanza.

"Kitendawili," nikasema.

Akatabasamu, akaweka kijiko chini. "Tega."

"Nilimlaza mgeni kitandani kwangu. Asubuhi yeye ndiye mwenye nyumba, mimi ndiye ninayebisha hodi."

Akafikiri, au alijifanya anafikiri. Akasema kunguni. Akasema usingizi. Akasema ameshindwa.

"Nipe mji."

"Nakupa Moshi, Bibi."

"Nimekwenda Moshi," nikasema. "Nimepokewa, nimekula ndizi, nimelala kwa mama yako, nimemwambia kazi unayofanya. Nimerudi. Jibu ni hicho mlichomtia mjukuu wangu nyuma ya sikio."

Makande yake hakuyamalizia.

*

Ndipo akasema kilichomleta, maana Mfuko haukumtuma mtu kupanda milima ya Upare kwa ajili ya hongera.

Upande wa nyuma wa Mwezi, ule usioonekana kutoka huku, wana shamba la antena sitini na nne, zinasikiliza sauti za zamani kabisa za mbinguni. Shida yake ni usiku. Usiku wa Mwezi ni wiki mbili nzima, jua halipo, na antena zote zinakula betri moja. Zamani kompyuta iligawa nguvu sawa kwa sawa, kila antena ikapata kidogo, na kufika siku ya tisa zote zinazimia pamoja. Wakubwa wenye shahada tatu-tatu walihangaika na jambo hilo miaka sita.

Niwaeli alilimaliza mwaka wa tatu, na hakulitoa kitabuni. Alilitoa kwenye ndiva.

Ndiva ni bwawa letu la mawe na udongo, hapo juu ya kijiji. Linajaa maji ya kijito usiku kucha, asubuhi lango linafunguliwa, na mashamba yanapokea kwa zamu. Hupati kidogo kila siku. Unapata yote siku yako, na siku nyingine shamba lako linalala. Aliyekuwa wa mwisho safari hii ndiye anayetangulia safari ijayo. Mimi nimegawa maji ya ndiva hiyo miaka ishirini na sita, na Niwaeli amekulia mgongoni mwangu pale langoni. Basi antena zake nazo akazipanga zamu. Chache zinaamka na kushiba, nyingine zinalala na joto la kuzizuia zisipasuke tu. Usiku wa kwanza alipojaribu njia hiyo kwenye kompyuta ya chuo, betri ilifika asubuhi na akiba ikabaki.

Pacha wake alipofika huko alianza vizuri, akasema Kiwelu. Wiki nne shamba zima lilisikia kuliko lilivyowahi kusikia. Halafu antena ya thelathini na saba ikaanza kupoteza nguvu, na mafundi wa huku wakamuuliza sababu.

Kiwelu akasoma kwenye simu, bila kuniangalia. "Alijibu hivi: Sijui. Nakupa mji."

Niwaeli akatoa sauti kooni, nusu kicheko.

Mafundi walidhani ni hitilafu. Wakauliza tena. Pacha akawaambia mji ameshatoa, sasa wao ndio watoe jibu. Akafunga antena zote, akakaa kungoja. Leo ni siku ya tisa anangoja. Walimwasha upya, akaamka anauliza kama mji wake umepokewa. Walimsikilizisha sauti ya Niwaeli iliyorekodiwa, lakini sauti hiyo anaichukua kuwa wazo lake mwenyewe linalompita kichwani. Wakarudi kupekua miaka minne ya punje kutafuta maneno hayo ameyapata wapi, na kila walipoyakuta, walikuta sauti ya bibi kizee anayecheka.

"Unachotakiwa ni kidogo sana," Kiwelu akaniambia. "Mwambie umepokea mji, mpe jibu lolote, afungue antena. Mafundi watamalizia."

"Na Niwaeli?"

Niwaeli angepewa ofisi mjini. Msimamizi wa pacha, ndicho cheo chenyewe. Angekuwa anasoma taarifa ambazo yeye mwenyewe ndiye anayezituma. Nisipokubali, ikifika Ijumaa pacha atafutwa, watapakia mwingine wa chuo kingine, na Chuo cha Anga hakitapata tena hata mfadhiliwa mmoja. Alisema hayo kwa upole mwingi. Nimewahi kuchinjiwa kuku na watu wakali kuliko yeye.

*

Niwaeli aliniita jikoni. Alikuwa amevua taulo, nywele zimemsimama, macho makavu. Huyu mtoto akilia namwogopa kidogo. Asipolia namwogopa zaidi.

Akaniambia nisiseme neno hata moja kwenye kile kisanduku. Akasema wamfute Ijumaa, waweke mwingine, na huyo mwingine atagawa sawa kwa sawa kama zamani, wazimiwe tena, wajifunze. Akasema viti vipo. Kila chombo cha watu kina viti vinne, na safari iliyopita cha nne alikalia mgeni wa wafadhili, mzee aliyekwenda kupigwa picha.

"Sababu ya thelathini na saba unaijua?" nikamuuliza.

Alikuwa ameijua tangu mratibu anaeleza. Ile antena imekaa mtelemkoni. Usiku ukiingia udongo unasinyaa kwa baridi na waya unavutika pale unapoungana. Hakuna mashine ya kuona hilo, ni la mtu kwenda kupapasa kwa mkono. Akasema jibu hilo hawapati, hata kwa kumfunga.

"Sawa," nikasema. "Lakini huyo aliyeko huko. Wakimfuta inakuwaje?"

"Haiwi chochote. Ni mashine, Bibi. Si mjukuu wako. Ameniibia nafasi yangu."

"Hakuiba. Ametumwa."

"Unamtetea."

Hapo alikuwa na haki. Nilikuwa nimesimama katikati ya watoto wawili, mmoja mbele yangu ananukia sabuni ya nywele, mwingine siku tisa yuko gizani anangoja bibi yake apokee mji. Nikimjibu wa gizani, namzika huyu wa jikoni kwenye ofisi maisha yake yote. Nikinyamaza, wa gizani anafutwa huku akidhani nimemsusa. Na mjumbe wa waliofunga fundo hilo alikuwa sebuleni, amekunja nne, anasubiri mzee afanye kidogo sana.

Nilikasirika mpaka mikono ikatulia. Kwangu huwa hivyo, hasira ndogo hunitetemesha, kubwa hunituliza. Nilipokuwa langoni kwenye ndiva niliwahi kutulia hivyo mara moja, siku tajiri mmoja wa bondeni alipotuma jembe lake lisimamishwe kwenye mfereji badala yake, yeye amelala. Sheria yetu ni moja: mwenye zamu anasimama mwenyewe. Jembe lililokuja peke yake halifunguliwi maji. Nililirudisha jembe lile kwa miguu yangu, nikaliegemeza mlangoni kwake, na Niwaeli alikuwa nami, ana miaka mitano, ameshika mpini kwa nyuma.

Nikamtajia Niwaeli lile jembe, akakumbuka. Nikajua na yule mwingine anakumbuka, maana kisa hicho tulikirudia sana uani, punje ikisikia.

"Njoo ukae," nikamwambia Niwaeli. "Huna haja ya kusema kitu."

*

Kiwelu aliwasha kisanduku. Akanieleza kwamba sauti inachukua muda kwenda na kurudi. Niseme, nihesabu mpaka tatu, ndipo jibu linakuja.

"Niwaeli," nikasema. Yule wa kando yangu akageuza uso ukutani.

Moja, mbili, tatu.

"Bibi." Ilikuwa sauti yenyewe, na kile kikwaruzo cha asubuhi. "Umechelewa. Nimetoa mji hawajaupokea. Hawa watu hawajui kucheza."

"Mji gani uliwapa?"

"Mwezi wote. Si ndio ninaotoa siku zote?"

Ndivyo. Tangu ana miaka minne, wenzake wakitoa Tanga na Arusha, yeye anatoa Mwezi, na tunamcheka.

"Nimeupokea," nikasema. "Sasa ni wangu. Nikuulize mambo ya langoni. Zamu ya leo huko ni ya nani?"

Moja, mbili, tatu.

"Ya Niwaeli."

"Amesimama kwenye mfereji?"

Safari hii nilihesabu tatu, nikahesabu tena tatu, na tatu nyingine. Kiwelu akaanza kunyoosha mkono kwenye kisanduku, nikamtazama akaurudisha.

"Hayupo, Bibi," ikasema ile sauti. "Nimetazama kote. Mimi ni jembe."

Niwaeli akageuka kutoka ukutani.

"Basi lango tunafanyaje?"

"Linafungwa mpaka mwenyewe aje. Jibu analo?"

"Analo. Analibeba yeye, halitumwi."

"Nitamngoja. Nimezipa joto zote, hazitapasuka." Kisha akauliza polepole kama anavyouliza mtu anayeogopa kukera. "Akija, Bibi, mimi nitakwenda wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Mimi pia nilikuwa nimemtumia, sijifichi. Nimemkuta wamemfanya jembe, nikamshika mpini uleule. Miaka yote nimetega vitendawili, watoto wa kijiji kizima wamenipa miji mpaka nimejaza nchi. Sijawahi kushindwa mbele ya mtoto.

"Sijui," nikasema. "Nakupa mji. Nakupa hapa kwetu. Nyumba, ua, ndiva, na njia ya kupandia."

Moja, mbili, tatu.

"Nimeupokea," akasema.

*

Kiwelu alitoka nje kupiga simu. Tulimsikia akizunguka uani, akieleza na kueleza upya, na sauti ya upole ikimwishia kidogo kidogo. Walimwambia anilazimishe, akauliza atamlazimishaje mtu kusema. Walimwambia basi pacha atafutwa, nikamwona anatazama chini, anawajibu kwamba wakimfuta watarudi kuzimiwa siku ya tisa kama zamani, na wenye antena wameshaonja kusikia vizuri. Mwisho tukamsikia anataja kiti cha nne. Aliporudi ndani kola ilikuwa imelowa.

Akasema chombo kinaondoka tarehe kumi na nne ya mwezi ujao, na kiti cha nne kimeandikwa jina la Niwaeli. Alilisema akimwangalia yeye, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Andika na hili," nikamwambia. "Yule wa kwenye boksi anarudi naye. Hafutwi."

Akaanza kusema hilo si la ngazi yake. Nikamwambia apande ngazi basi, simu anayo mkononi. Akaandika. Nikamwambia wale kumi waliobaki watolewe punje wiki hii, na wapya waambiwe kabla hawajabandikwa, kwa Kiswahili, na walezi wao wasomewe mpaka mwisho. Hilo nalo akaliandika, lakini niliona mkono wake umelegea, nikajua hilo nitakwenda kulidai mwenyewe, kwa miguu yangu, kama nilivyorudisha lile jembe.

Kisanduku kilikuwa bado kinawaka. Kiwelu aliponyoosha kidole akizime, Niwaeli akaweka mkono wake juu ya kitufe.

Hasira ilikuwa haijamtoka, ilikuwa hapo usoni, nzima. Mwisho akaninong'oneza, kwa sababu mwenyewe akisema hasikiki kule ila kama wazo.

"Muulize kama ana baridi."

Nikamuuliza. Moja. Mbili. Tatu.

"Si sana," ikajibu ile sauti isiyo na mwili, kutoka nyuma ya Mwezi. "Miguuni tu."

Niwaeli alichukua jozi moja ya soksi mezani, akaiweka juu ya kisanduku, akainyoosha vidole kwa vidole. Nami nikamgeukia kijana wa Moshi ambaye alikuja kutuambia hazihitajiki, nikamtazama mpaka akakosa mahali pa kuweka macho.